Kwato za Nani? Dhidi ya Lilith wa Bonde la Ufa

Umezuka mtindo katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kenya wa kumpa kila kiumbe wa kike mwenye kutisha jina la Lilith. Mwanafunzi wa uzamili huenda Salgaa au Gilgil, wanakolala madereva wa malori, akakusanya masimulizi ya mwanamke mrembo anayesimamisha gari usiku. Mwanamke huyo hupakiwa, husifiwa, hupelekwa gesti. Kisha dereva hutupa jicho miguuni pake akaona kwato. Masimulizi yenyewe ni mazuri na yanastahili kukusanywa. Tatizo ni kile kinachofuata. Pindi inapoandikwa sentensi ya kwamba huyu ni "Lilith wa Kiafrika", mkusanyaji huona kazi ya uchambuzi imekwisha. Hapo huitwa Jung, baada yake Northrop Frye na Anatomy of Criticism (1957), na pengine Erich Neumann aliyemweka Lilith katika orodha yake ya mama wa kutisha, na natija hujiandika yenyewe: hofu ya mwanamume kwa mwanamke ni kikale cha wanadamu wote, na Salgaa ni ushahidi mmoja zaidi.

Toleo la pili la kosa hilo hilo limevaa nguo mpya. Humo Lilith si wa kutisha tena bali ni mwanamke wa kwanza aliyekataa kulala chini ya Adamu, akatamka jina lisilotamkwa, akaruka. Jini wa barabara kuu huwa basi dada yake, shujaa aliyeikimbia ndoa na kuwaadhibu wanaume kwa tamaa zao. Wahakiki wa toleo la kwanza na wa pili hushindana vikali, lakini wamesimama juu ya msingi mmoja. Wote wameruka swali ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuliuliza kabla ya mengine yote: ni nani anayemsimulia nani, akiwa wapi, na kwa ajili gani?

Swali hilo likiulizwa Nakuru, jambo la ajabu hujitokeza. Katika hadithi kongwe zinazosimuliwa katika nchi hii, shetani mrembo si mwanamke. Ni mwanamume. Kwa hiyo mwenye kwato wa barabarani si mwendelezo wa kikale chochote bali ni mageuzi, tena mageuzi ya karibuni, na ndiyo yanayodai maelezo. Jina la Lilith huyafunika mageuzi hayo kama blanketi.

Yafaa kuanza na Lilith mwenyewe, kwani wengi wanaomtaja hawamjui. Katika Biblia ya Kiebrania ametajwa mara moja tu, Isaya 34:14, miongoni mwa wanyama na viumbe wa mahame. Watafsiri wamehangaika naye tangu zamani. Wale wa Kiyunani walimfanya kiumbe nusu mtu nusu punda. Kilatini kikamwita lamia. Waingereza wa 1611 wakamgeuza bundi. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 humkuta katika aya hiyo babewatoto, ambaye naye ni bundi, ingawa jina hilo, kwa sadfa au kwa ujuzi wa watafsiri, lina watoto ndani yake. Maana yake ni kwamba kizazi kizima cha Wakristo wa Bonde la Ufa kiliisoma aya hiyo bila kukutana na Lilith hata siku moja. Hakuja Njoro kwa mimbari. Alikuja kwa maktaba.

Katika Talmudi ana nywele ndefu na mabawa, na mwanamume anaonywa asilale peke yake nyumbani asije akashikwa naye. Lakini ushahidi mzito zaidi haumo katika vitabu vya marabi bali katika vyombo vya udongo. Ni mabakuli yenye maandishi ya Kiaramu yaliyofukuliwa Nippur na kwingineko katika Iraki, ya baina ya karne ya 5 na ya 8 BK, ambayo yalifukiwa kifudifudi chini ya vizingiti na pembe za nyumba. Maandishi huzunguka ndani ya bakuli kama konokono, na katikati, mara kwa mara, pamechorwa kiumbe wa kike mwenye nywele zilizotimka, amefungwa minyororo mikono na miguu. Hizi ni miongoni mwa picha za kale zaidi zinazoweza kuhusishwa na liliti bila kubahatisha, na ndizo ambazo wahakiki wa vikale hawazitaji kamwe. Mwenye nyumba hutajwa kwa jina la mama yake, kama wafanyavyo hata leo waganga wa falaki wa Pwani. Na baadhi ya mabakuli humfukuza liliti kwa kumwandikia hati ya talaka, kwa lugha ya sheria, kama mke anayeondolewa nyumbani.

Ni nani aliyeyahitaji mabakuli hayo? Ni nyumba zilizokuwa zikizika watoto. Liliti alikuwa jina la homa ya siku ya nane, la mimba iliyoharibika, la mtoto aliyelala mzima akaamka maiti. Mama alimwogopa kwa sababu alikuwa ameshauona mkono wake. Kusema kwamba Lilith ni "hofu ya mwanamume" tu ni kuwafuta wanawake wote waliolala na bakuli chini ya kizingiti, na kusema kwamba ni shujaa wa ukombozi ni kuwafuta mara ya pili.

Kisa cha mke wa kwanza wa Adamu, ambacho toleo la pili hulitegemea kikamilifu, kimo katika Alfabeti ya Ben Sira, maandishi ya baina ya karne ya 8 na ya 10 ambayo wataalamu wengi huyasoma kama kejeli. Hata humo kisa kinasimuliwa ili kueleza hirizi: kwa nini watoto wachanga huandikiwa majina ya malaika watatu, Sanvi, Sansanvi na Semangelaf. Mwanateolojia wa Kiyahudi Judith Plaskow alipokiandika upya kisa hicho mwaka 1972, na wanawake wa New York walipoanzisha jarida kwa jina la Lilith mwaka 1976, walikuwa wakigombana na marabi wao, kwa maandishi yao, ndani ya nyumba yao. Ulikuwa ugomvi wa haki. Mhakiki wa Nakuru anayeazima matokeo ya ugomvi huo bila kuwa na rabi wala Ben Sira amechukua hukumu ya kesi isiyomhusu.

Sanaa ya Ulaya nayo imeongeza ukungu. Kila mtu ameiona, walau katika jalada la kitabu, sanamu ya udongo ya Babeli ya yapata 1800 KK ambayo Makumbusho ya Uingereza iliinunua mwaka 2003: mwanamke uchi mwenye mabawa na makucha ya ndege, bundi wawili kando yake, simba wawili chini ya miguu yake. Katika miaka ya 1930 alitambuliwa kuwa Lilith, na wahakiki wa vikale wakamrukia. Leo wataalamu wengi humwona kuwa mungu wa kike, Ishtar au Ereshkigal. Kichwani ana taji la pembe, na taji kama hilo halikuvikwa kiumbe wa kufukuzwa kwa bakuli. Kufanana peke yake, yaani mabawa na bundi na uchi, kuliwafikisha watu wazima wenye elimu mahali pasipo. Dante Gabriel Rossetti naye alimchora Lilith mwaka 1866 hadi 1868 kama mwanamke wa chumbani, anachana nywele mbele ya kioo. Miaka michache baadaye alifuta uso wa Fanny Cornforth akaweka wa Alexa Wilding, na Lilith akabaki Lilith. Hakuna mtoto katika picha ile, wala kizingiti. Kuna mwanamume asiyeonekana, naye ni mtazamaji aliyelipa. Lilith huyu wa karne ya 19, bidhaa ya studio za London, ndiye anayeletwa Salgaa kwa jina la ukale wa wanadamu.

Sasa na iulizwe kama yupo kweli katika Afrika ya Mashariki kiumbe anayefanana naye. Yupo, lakini yuko Pwani, na njia aliyopitia inajulikana. Katika Uislamu wa wananchi, tangu Misri hadi Bahari ya Hindi, anatajwa Ummu Sibiani, mama wa watoto, ambaye Nabii Suleimani alimkamata akamlazimisha kula ahadi. Hirizi za wajawazito na vichanga huandikwa dhidi yake. Waswahili wanamjua Subiani, jini anayehusishwa na mimba na watoto, na ni vigumu kuyatenganisha majina hayo mawili. Huyu ndiye jamaa halali wa liliti wa mabakuli: kazi yake ni ile ile, na kinga yake ni ile ile ya maandishi. Hakuna haja ya kumwita Jung. Kuna bahari, misafara ya dau, vitabu vya tiba, walimu wa vyuoni.

Kwato nazo zina nasaba yao. Masimulizi ya Kiarabu husema kwamba ghuli hugeuka umbo lolote ila miguu yake hubaki ya punda. Malkia Balkisi wa Sheba alisingiziwa kwato za punda mpaka Suleimani akatandaza sakafu ya kioo ili aione miguu yake. Na tafsiri ya Kiaramu ya kitabu cha Ayubu ilikuwa imemgeuza Sheba kuwa Lilith malkia. Punda wa watafsiri wa Kiyunani, ghuli wa jangwani na malkia wa Yemeni wanakutana katika mguu mmoja. Mtu akitaka kuuandikia tasnifu mguu huo, uwanja upo wazi, lakini ni uwanja wa historia ya mawasiliano, wenye tarehe na bandari. Tena jini wa Pwani si shetani mtupu. Miongoni mwa majini wapo waumini na wapo makafiri, wapo ruhani wa kusaidia, wapo wanaoposa na kuoa, wenye masharti na adabu zao. Alipopandishwa bara, elimu hii yote ilianguka njiani. Kilichofika Nakuru ni kwato na buibui.

Kabla ya kumfuata huko bara, hapana budi kusikiliza hadithi alizozikuta. Katika ngano za Wagikuyu, ambao wengi wao waliingia Bonde la Ufa kama maskwota katika mashamba ya walowezi na baadaye kama wanunuzi wa ardhi, yuko irimu. Katika hadithi zinazopendwa zaidi, irimu huja ngomani akiwa kijana mzuri kupita wote. Wasichana humfuata. Njiani mmoja wao huona, nywele zikipeperuka, mdomo wa pili kisogoni unaonasa nzi. Wenzake huona na kurudi mmoja mmoja kwa visingizio; mmoja huendelea. Fanani wa hadithi hizi kwa kawaida ni nyanya au mama, hadhira yake ni watoto na wasichana, na mahali ni jikoni penye moto. Ujumbe hauhitaji nadharia: tazama kisogo cha mgeni.

Kwa Wanandi, A. C. Hollis aliandika mwaka 1909 juu ya Chemosit, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na makalio tisa, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa, anayejikongoja kwa fimbo iliyo kama mkuki. Huyu hula watu. Lakini hana kioo wala kitana, na hakuna dereva ambaye angempakia. Hata Menengai, ile kreta inayoutazama mji wa Nakuru na ambayo masimulizi ya Kimaasai huihusisha na kushindwa kwa Ilaikipiak, mizimu yake ni ya wapiganaji waliotupwa humo, yaani wanaume. Mhakiki anayetafuta shetani wa kike mrembo katika urithi wa sehemu hii atachoka miguu.

Ushahidi bora wa jambo hili uko katika kitabu ambacho kila idara ya fasihi nchini imekifundisha. Katika Caitaani Mutharaba-ini (1980), ambayo Kiswahili chake ni Shetani Msalabani (1982), marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o anampeleka Gatuĩria kwa mzee mmoja wa Bahati, Nakuru, amsimulie hadithi za kale. Moja ni ya mkulima aliyebebeshwa irimu mgongoni. Nyingine ni ya Nyanjirũ, msichana mweusi mzuri aliyewakataa vijana wote wa nchi yake, akampenda mgeni, na mgeni akamla kiungo baada ya kiungo. Mwandishi angeweza kuiweka hadithi hiyo popote. Aliiweka Bahati, katika ardhi iliyohamiwa na watu waliokwisha kuliwa mara moja na wageni. Na mla watu ni mwanamume. Ebrahim Hussein alikuwa amefika karibu na hapo katika Mashetani (1971), ambamo Shetani ni suala la nani anamtawala nani, si suala la nani mrembo.

Ni lini, basi, shetani alipobadili jinsia? Hapa ndipo uchambuzi ulipaswa kuanza. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ulioanzishwa rasmi mwaka 1904 ukawa makao ya walowezi. Haukupata hadhi ya jiji mpaka Desemba 2021. Mshahara wa fedha ulilipwa mkononi mwa mwanamume. Kipande kilichoanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920 kilimhusu mwanamume. Yeye ndiye aliyetambuliwa kuwa mfanyakazi. Mwanamke mjini hakuwa na cheti cha kueleza anafanya nini pale, na asiye na cheti huundiwa jina. Wakati huo huo fanani naye alihama. Simulizi ikatoka jikoni kwa nyanya ikaingia kilabuni, na baada ya lami ikaingia katika kabini ya lori. Mwenye kusimulia sasa ni dereva, anayesikiliza ni utingo, na mwenye kitu cha kuporwa ni wao. Katika hadithi ya irimu msichana ndiye alikuwa na cha kupoteza: mwili wake. Katika hadithi ya kwato mwanamume ndiye mwenye cha kupoteza: pesa ya safari. Shetani huvaa jinsia ya yule ambaye msimulizi anamwogopa, na msimulizi amebadilika.

Kuna mfano wa kulinganisha, nao hautoki Ulaya. Huko Lubumbashi na miji mingine ya migodi ya Katanga, ambako watu huzungumza Kiswahili chao wenyewe, wachoraji wa mitaani walichora kwa wingi, hasa katika miaka ya 1970, picha za mambamuntu: mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, saa mkononi, ambaye humpa mwanamume mali kwa sharti la siri na kumwangamiza akiivunja. Picha hizo zilitundikwa sebuleni mwa wenye mishahara, ambao waliona humo mali yao wenyewe ikiwatazama: imetoka wapi, na itadai nini. Yawezekana kabisa kuandika historia ya shetani wa kike wa Afrika ya Mashariki kwa kufuata orodha za malipo ya makampuni na reli. Ingekuwa historia yenye manufaa kuliko kurasa mia za vikale.

Mageuzi haya yaliongezewa moto na maradhi. UKIMWI ulithibitishwa Kenya mwaka 1984 na kutangazwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999. Katika miaka hiyo barabara kuu ya kutoka Mombasa kupitia Nakuru kwenda Uganda ilijulikana kuwa njia ya maambukizi, na simulizi ya kwato ilipata kazi mpya. Mwanamke mrembo, usiku mmoja, kifo kinachofuata polepole: umbo la simulizi lilikuwa tayari, na maradhi yakaingia ndani yake kama mkono katika glovu. Faida yake kwa msimulizi ni dhahiri. Dereva mwenye mke Eldoret na rafiki Mlolongo anakuwa katika simulizi hii mtu aliyerogwa, na anayebeba kifo ni mwanamke asiye na jina, anayetoka Mombasa, aliyevaa buibui linalofunika miguu. Tanbihi hiyo ya mavazi si ya kupita nayo haraka. Kwato huhitaji kufichwa, na simulizi ilichagua nguo ya Kiislamu ya Pwani kuzifichia. Chuki ya bara dhidi ya Pwani imo humo pamoja na chuki dhidi ya mwanamke, na mhakiki anayesema "kikale" ameziosha zote mbili kwa neno moja la Kiyunani lililotafsiriwa.

Wala si suala la vitabuni tu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza ibada ya shetani nchini. Ripoti yake ilifikishwa bungeni mwaka 1999. Dola ilikuwa imekubali kuzungumza lugha ya mashetani wakati lugha nyingine, ya ardhi na ya wizi wa mali ya umma, ilikuwa ya hatari kuizungumza. Tangu hapo mtu anayemwita mwanamke jini haongei ngano tu. Novemba 2014, jijini Nairobi, wanaume walimvua mwanamke nguo hadharani katika kituo cha matatu kwa hoja ya kwamba mavazi yake yanawajaribu, na wanawake wakaandamana. Waliomvua hawakusema kwato, lakini walikuwa wakifanya kile ambacho simulizi ya kwato humfanyia mwanamke kila inaposimuliwa: kumvua ili waone kilichomo chini. Suleimani alitumia sakafu ya kioo. Hawa walitumia mikono.

Wahakiki wa toleo la ukombozi watajibu kwamba wanawake nao husimulia hadithi ya kwato, tena kwa kicheko, na kwamba katika vinywa vyao jini ni mlipizi. Hoja hii ina uzito na inafaa kuchunguzwa kwa kinasa sauti, si kwa kunukuu vitabu vya New York. Iwapo mama muuza chai wa Salgaa husimulia kwa kicheko, basi kicheko hicho ndicho data: kiandikwe kilipotokea, katika sentensi gani, mbele ya nani. Huenda ikabainika kwamba anamcheka dereva, si kwamba anamshangilia jini. Hayo ni mambo mawili tofauti, na uhakiki usioweza kuyatofautisha haujafika bado kwenye maandishi. Vivyo hivyo atafutwe, kabla ya kuitwa Lilith, jini anayetajwa katika wodi na majumba ya uzazi ya Nakuru mtoto anapofariki, kama yupo, na kwa jina analopewa huko. Huyo angekuwa karibu na liliti wa Nippur kuliko mrembo yeyote wa barabarani. Hakuna anayemtafuta, pengine kwa kuwa hana nywele za Rossetti.

Mwisho kuna Jacinta Warĩnga. Wapo wanaomsoma naye kama Lilith, kwa kuwa alikataa kuwa mali ya mwanamume na akaua. Lakini kitabu kinasema nini? Warĩnga ni msichana wa Nakuru. Alisoma Nakuru, akasali katika Kanisa la Rozari Takatifu, na huko ndiko alikoanza kuota ndoto ile ya Shetani aliyevaa suti ya hariri, anayesulubiwa na watu wa matambara na kuteremshwa msalabani na watu wa suti kama yeye. Huko huko alitongozwa na Tajiri Mzee wa Ngorika, akatiwa mimba, akakataliwa, akaenda kujitupa relini, reli ile ile ya 1900. Kwa kipimo cha kabini ya lori angeliitwa jini bila shaka: mrembo, peke yake mjini, na wanaume hufuatana nyuma yake. Mwandishi hakumpa kwato. Alimpa ufundi wa magari na judo, na mwishoni bastola, na Shetani akamwacha alipokuwa tangu mwanzo, ndani ya suti.